Ngamia Analia, Nakala Tatu

Katika orodha ya mambo yanayoninyima usingizi hapa Garissa, joto limeteremka hadi nafasi ya tatu. Mbu wa Mto Tana wameshika ya pili. Ya kwanza, na kwa mbali, imechukuliwa na hadithi.

Sisemi hadithi za majini. Hizo nilikua nazo Lamu. Nasema hadithi za kazini. Mimi ni mhasibu. Nafundisha uhasibu chuo kikuu, na chuo chenyewe sikitaji kwa sababu mshahara wa mwezi huu bado haujaingia. Tangu niajiriwe kazi yangu ilikuwa wazi: mimi naandika ubaoni, wanafunzi wanaupiga ubao picha kwa simu, na picha hizo hazifunguliwi tena hadi usiku wa kuamkia mtihani. Utaratibu huo ulimfaa kila mtu na haukumdhuru hata mmoja. Kisha ikatoka memo.

Memo ilisema kwamba kuanzia muhula huu kila mhadhiri atafundisha "kwa masimulizi yanayopitia vyombo mbalimbali vya mawasiliano". Nilidhani ni barua ya watu wa fasihi iliyopotea njia. Nikatazama juu: jina langu lilikuwapo, kwa herufi kubwa, na limekosewa kama kawaida. Basi ilikuwa yangu kweli.

Jamani, hadithi katika uhasibu? Yule mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alipochapisha kule Venice mwaka 1494 kitabu kilichoeleza namna ya kuandika kila fedha mara mbili, debiti huku na krediti kule, hakuweka shujaa, hakuweka zimwi, na hakumaliza kwa harusi. Kwa zaidi ya miaka mia tano watu wameusoma uhasibu bila kucheka wala kulia, na ulimwengu umekopeshana na kudaiana vizuri tu. Leo leja inatakiwa iwe na mhusika mkuu.

Ili tusije tukasema hatukuelekezwa, tukaletewa mwezeshaji kutoka Nairobi. Mwezeshaji, kwa asiyemjua, ni mtu anayelipwa kuja kukuuliza wewe unaonaje, kisha akaliandika jibu lako kwenye karatasi kubwa ya ukutani na kukuonyesha. Huyu wetu alishuka na koti la suti. Garissa hatumwambii mgeni avue koti. Tunaliachia jua limwambie.

Alianza na profesa wa Marekani, Henry Jenkins, aliyeueleza mtindo huu mwaka 2003. Kwa mujibu wake, ukichukua filamu ukaiandika kitabu, na kitabu ukakisoma redioni, hujafanya kitu, umerudia tu. Mtindo wenyewe unataka kila chombo kibebe kipande chake, kipande kisichopatikana kwingine, halafu mfuatiliaji aviunganishe mwenyewe. Mfano wake ni filamu ya The Matrix, ambayo wenyewe walikificha kisa kingine ndani ya mchezo wa kompyuta na ndani ya filamu za katuni, na aliyetazama filamu kuu peke yake akatoka sinemani na maswali mkononi.

Hapo nilielewa haraka, maana ndivyo duka lolote lilivyo. Daftari la fedha linajua jambo, leja ya wadaiwa inajua jingine, ghala linajua la tatu, na mwenye duka ndiye asiyejua lolote.

Akatuletea na mifano ya nyumbani, nayo ilikuwa mizuri, simnyimi haki yake. Kuna Shujaaz ya hapa Kenya, iliyoanza 2010: kijana wa kubuni aitwaye DJ Boyie anarusha redio yake kwa siri kutoka chumbani, kisa kinasomwa kwenye kijitabu cha katuni, kinasikika redioni, na vijana wanamwandikia kwa simu naye anawajibu. Mwaka 2012 wakatwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kuna pia Twende na Wakati, mchezo wa redio uliosikika Tanzania tangu 1993 na kuwafanya wengi waende kliniki kuulizia uzazi wa mpango. Watafiti waliwanyima watu wa eneo la Dodoma mchezo huo kwa kama miaka miwili, ili wapate wa kuwalinganisha na wale waliousikia. Mimi mtu wa hesabu niliipenda sana hiyo ya Dodoma. Hadithi iliyofanyiwa ukaguzi!

Stima ikapotea.

Naomba ieleweke kwamba kaunti hii ina mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 na ushei, uliozinduliwa Desemba 2019. Jua tunatoa sisi. Jasho tunatoa sisi. Umeme unakwenda kwanza kwenye gridi ya taifa, na ukiturudia huwa umechoka na safari. Mwezeshaji alisimama mbele ya ukuta mweupe akanyamaza. Alisema hawezi kuendelea kwa sababu hadithi yote imo kwenye slaidi. Tukakaa pale, watu wazima wenye shahada, tukiingoja stima ije itusimulie. Mama aliyeleta chai ya maziwa ya ngamia alitukuta kimya hivyo, akaweka birika chini polepole, akauliza ni nani aliyefariki.

Lakini si mwezeshaji aliyeniudhi. Kilichoniudhi ni mahali alipotumwa. Kuja Kaskazini Mashariki kuwafundisha watu hadithi ni kuingia zizi la ngamia na maziwa ya pakiti.

Hapa hadithi haianzi mpaka msikilizaji akubali. Msimulizi husema "sheeko sheeko", nao walioketi huitikia "sheeko xariir", na asipoitikiwa anarudi zake kulala. Kwetu Lamu ni paukwa na pakawa, sharti ni lilelile. Sijapata kuona slaidi iliyongoja kuitikiwa.

Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972. Kabla ya hapo shairi lilisafiri kichwani mwa mtu, kisima hadi kisima, na mtu huyo akilighani sharti ataje kwanza jina la aliyelitunga. Kanuni hiyo wanafunzi wangu wa tasnifu hawajaifikia mpaka leo, na intaneti wanayo.

Ikaja redio, BBC ilianza kutangaza kwa Kisomali mwaka 1957. Ikaja kaseti. Mwishoni mwa 1979, kule Somalia, mshairi Gaarriye alitunga shairi la kuukemea ukabila, Hadraawi akaingia, na washairi wengine makumi wakafuata, huyu akimjibu yule, wote wamefungwa na sharti moja la kuitumia herufi D kila mstari. Mnyororo huo wa mashairi unaitwa Deelley. Serikali ya Siad Barre haikuwa na hamu ya kuusikia, basi watu wakaurekodi kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa, nakala zikanakiliwa tena. Aliyekuwa na kaseti moja alikuwa na nusu ya ugomvi. Ilimlazimu amtafute jirani mwenye nusu ya pili, na kwa jirani kuna chai, na kwenye chai kuna mabishano. Wakati huo Jenkins bado alikuwa kijana mdogo. Hakuna mtu aliyelipwa marupurupu kwa kazi hiyo, labda ndiyo sababu haikuingia kwenye slaidi.

Na kama ni kupeleka masomo kwa chombo kipya, hapahapa Garissa mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza na ngamia watatu. Waliwapakia masanduku ya vitabu na hema, wakawafuata watoto wa wafugaji huko waliko. Ngamia haombi nywila. Ngamia hamalizi chaji. Na ngamia akigoma unajua amegomea nini, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu mtandao wa ofisi yetu.

Kuna hadithi moja ya mji huu ambayo siifanyii mzaha. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha hapa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Lakini walio mbali walikiona kisa chetu kwenye televisheni kwa siku chache, wakaizima, na mpaka leo ukimwambia mtu wa mjini unafundisha Garissa anakushika bega kwa huruma. Kipande kimoja, kwa chombo kimoja, kikageuzwa kuwa kisa kizima. Wanafunzi wangu hawataki kusikia neno "masimulizi" mpaka wajue msimulizi ni nani. Nawaelewa.

Haya. Kazi ni kazi, nikawapa zoezi. Nikabuni mfanyabiashara anayeitwa Abti tu, mwenye duka Soko Mugdi na ngamia wake porini upande wa Modogashe. Nikaligawa darasa. Kundi moja lisimulie kwa sauti, la pili kwa katuni, la tatu kwa video, la nne kwa shairi. Kila kundi liwe na taarifa za fedha ambazo wengine hawana. Waliobaki wasikilize, wasome, watazame, kisha watengeneze mizania ya Abti kufikia Juni 30. Nilitumaini watashindwa mapema ili turudi ubaoni.

Simu yangu haijapumzika tangu siku hiyo. Kundi la sauti lilirekodi kila mteja wa Abti anayekuja kukopa, na kwa kuwa ni Garissa hakuna anayekopa bila kwanza kuulizia afya ya watoto, mvua, na mjomba aliyehamia Minneapolis. Mkopo wenyewe unatajwa mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, mtu akiwa tayari anatoka. Mwanzoni niliwaambia wafupishe. Binti mmoja wa kiti cha mbele, ambaye hajawahi kukubaliana nami kwa jambo lolote, akasema: "Mwalimu, tukifupisha salamu tutakuwa tumedanganya. Hivyo ndivyo deni linavyoingia."

Kundi la katuni likamchukua Igal Shidad. Asiyemjua, huyu ni mwoga maarufu wa ngano za Kisomali, aliyekutana na simba magharibi, akasimama usiku kucha akimwomba asimle, kulipokucha akaona ni kisiki cha mti. Wao wakamfanya mhasibu wa Abti. Kila mdaiwa akichelewa siku mbili, Igal anatetemeka na kuliandika deni lake kuwa deni baya. Mwisho wa mwaka vitabu vinasema Abti amefilisika, na wadaiwa wote wamekaa nje wakiwa na pesa mkononi, wanaogopa kuingia kwa sababu mhasibu anawapigia mayowe. Kwa miaka nimeeleza akiba ya madeni yenye shaka, na kwamba tahadhari ikizidi nayo ni uongo, na kwa miaka darasa limenitazama kwa macho ya samaki wa sokoni. Kwa katuni ile walilielewa kabla sijafungua kinywa. Igal walimchora na miwani na kitambi. Chini wakaandika kwamba mfanano wowote na mhadhiri ni wa bahati mbaya.

Kundi la shairi lilikuwa la wasichana, na wao wakaja na buraanbur, shairi la wanawake, na ngoma juu. Ndani yake wakawapanga wadaiwa wa Abti mmoja baada ya mwingine, kiasi anachodaiwa kila mmoja, na nguo aliyovaa alipokopa. Orodha ya wadaiwa ilikuwa humo tu. Asiyesikiliza shairi hana leja. Mlinzi wa lango alikuja kusikiliza, akaondoka, akarudi na wenzake. Nilijifunza hapo kwamba mdaiwa wa Garissa haogopi barua ya wakili. Anaogopa kuimbwa.

Tatizo lilikuwa ngamia.

"Mwalimu," kijana wa Mandera akaniuliza, "ngamia tumwandike kwa bei gani?"

"Kwa bei aliyonunuliwa."

"Hakununuliwa. Amezaliwa."

"Basi kwa gharama ya kumlea."

"Amejilea."

Nikawatolea kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 41, kinachotumika tangu 2003, ambacho kinahusu kilimo na mifugo. Kinasema mnyama apimwe kwa thamani ya soko ya siku hiyo, ukitoa gharama za kumuuza, na ndama akizaliwa thamani yake inaingia kwenye faida ya mwaka. Darasa likatulia. Waliokiandika kiwango hicho, nadhani, hawakupata kusimama Garissa siku ya soko.

"Thamani ya soko ya asubuhi," akauliza kijana wa Wajir, "au ya baada ya watu kusikia kwamba mvua imenyesha?"

Ndipo kundi la video likakimbilia soko la mifugo. Walirudi na dalali anayetaja bei tatu za ngamia mmoja kwa pumzi moja, kulingana na anayeuliza. Walirudi pia na mzee mfugaji waliyemwuliza ana ngamia wangapi. Mzee akatazama mbali, akasema: "Wapo." Wakamwuliza kwa heshima zaidi, "Adeer, ni kama wangapi hivi?" Akasema: "Alhamdulillahi." Kwa wafugaji wengi mali hai haihesabiwi kwa sauti, ni kuikaribisha balaa. Kiwango namba 41 hakina safu ya "wapo". Kisha mzee yuleyule, bila kuulizwa, akasimulia misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na jinsi ambavyo mwishowe ngamia aliyedhoofika hakuwa na bei, kwa kuwa hakuwapo mnunuzi. Hapo hakuna aliyeniuliza tena maana ya thamani ya soko. Nami noti zangu za kurasa kadhaa juu ya jambo hilo nikazikunja.

Sasa ikaja mizania. Wanafunzi waliobaki walipiga hesabu, zikagoma kwa elfu saba. Nikapiga mimi, zikagoma kwa elfu saba. Usiku kucha nimekaa na feni, mbu, na sauti za wateja wa Abti masikioni. Asubuhi yule binti wa kiti cha mbele akanionea huruma, au akajifanya. "Mwalimu, ule ujumbe wa sauti wa mama wa kwanza. Usimsikilize mama. Msikilize ayeeyo aliye nyuma yake." Nikasikiliza. Nyuma kabisa, chini ya kelele za watoto, bibi mzee anasema: "Na ule mfuko wa sukari je?" Elfu saba! Mfuko wenyewe ulitoka wapi sikuuliza. Mimi ni mhasibu, si forodha.

Hawakuishia hapo. Mwisho wa kisa Abti anamuuza ngamia jike, fedha nyingi, na mauzo hayo ndiyo yanayoamua kama duka limepata faida au hasara. Swali ni moja: ameuzwa mwaka huu wa fedha au ujao? Katuni haisemi tarehe. Video inaonyesha lori tu. Buraanbur inasifu shingo ya ngamia na kupita. Jibu limo kwenye sauti: ngamia anapandishwa lorini, analia kwa kumwita ndama wake, na wakati analia, redio ya dereva inasoma taarifa ya habari, mtangazaji anasema leo ni Julai mosi. Basi mauzo si ya mwaka huu. Abti amepata hasara, na wote waliomsherehekea wanafuta na kuanza upya. Kwa lugha ya vitabu vyetu huko ni kutenga mapato ya vipindi viwili, mada ambayo mwaka uliopita darasa zima liliikwepa kwenye mtihani. Mwaka huu waligombana juu yake hadi kantini, na anjera zikapoa.

Kwa hiyo nina neno kwa mwezeshaji, popote koti lake lilipo. Vyombo vingi peke yake ni makelele mengi. Simu yangu ni shahidi. Kilichowafundisha wale vijana ni kile walichofichwa. Wasomali wana kisa cha Wiil Waal, mtawala aliyewaambia wanaume wamletee sehemu ya kondoo inayoweza kuwafanya watu wawe ndugu au maadui. Wakaleta mapaja na mbavu na mafuta. Maskini mmoja, kwa ushauri wa binti yake, akaleta koo la kondoo, kwa maana koo ni ulafi, na ulafi ndio unaogombanisha watu, na kugawana ndiko kunakowapatanisha. Wiil Waal hakutoa noti. Hakutoa slaidi. Aliuliza, akanyamaza, akawaacha watu walale nalo. Walimu tunachoogopa ni huo unyamavu. Tunaujaza kwa projekta.

Na hapa ndipo manung'uniko yangu yanapopanda daraja, maana mtihani haukusikia habari hizi. Kanuni ni zilezile: alama sabini kwenye karatasi, saa tatu, jibu swali la kwanza na mengine mawili, simu nje. Zoezi lote, na buraanbur na ayeeyo na dalali wa bei tatu, linaingia kwenye zile thelathini pamoja na majaribio mawili, kwenye kisanduku kimoja kidogo cha fomu ambacho hakitoshi hata jina la Igal Shidad. Mwanafunzi anayejua kusikiliza sauti iliyo nyuma ya sauti, ujuzi ambao mkaguzi yeyote wa hesabu angeulipia, atapimwa kwa jinsi anavyokumbuka tafsiri ya uchakavu.

Nikadhani hilo ndilo la mwisho. Wiki iliyopita ikaja memo ya pili. Kwa kuwa wakaguzi wa ubora wa masomo wanatarajiwa, wahadhiri wote wawasilishe ushahidi wa masimulizi kwa vyombo mbalimbali. Ushahidi uwe umechapwa kwenye karatasi, nakala tatu, zenye jalada gumu.

Nikaenda ofisini kuulizia. Karani alikuwa na subira nami.

"Na sauti?"

"Ziandike."

"Video?"

"Eleza kilichotokea."

"Buraanbur ina ngoma."

"Weka kwenye kiambatisho."

Binti wa kiti cha mbele alijitolea kuchapa, kwa sharti kwamba nimnunulie bando. Amechapa kila kitu kwa uaminifu, na pale kwenye kilele cha kisa ameandika, ndani ya mabano, kwa herufi za mlazo: *ngamia analia*. Nakala tatu. Redio ya dereva haimo, kwa kuwa maagizo yalisema tuandike wanachosema wahusika, na mtangazaji si mhusika. Kwa hiyo kwenye karatasi zilizopokelewa na kupigwa mhuri, ngamia ameuzwa Juni, Abti amepata faida nono, na darasa zima limekosea. Kama wakaguzi wanasoma tu, Igal Shidad ndiye mhasibu bora wa mwaka.

Jana nimeletewa barua, si ya wakaguzi bali ya idara ya fedha ya chuo. Inasema katika ushahidi wangu pametajwa ngamia jike mmoja, na inanitaka nithibitishe kama mnyama huyo yumo katika rejista ya mali ya idara, na kama hayumo, nieleze alinunuliwa kwa fungu lipi na kwa idhini ya nani.

Nimewajibu kwa ujumbe wa sauti. Nimeanza na salamu, nikaulizia watoto, nikapita kwenye mvua. Wakitaka kujua ngamia yuko wapi, wasikilize mpaka mwisho.